Kauri Isiyovunjika kwa Wepesi: Muundo na Ushupavu wa Makombe, kutoka Lulumizi hadi Konokono wa Tanganyika

Neno kauri lina maana mbili katika Kiswahili sanifu. Kwanza, ni lile kombe dogo la baharini, laini na lenye kung'aa, ambalo kwa karne nyingi lilitumika kama fedha na pambo katika sehemu kubwa ya Afrika. Pili, ni ule udongo mweupe ambao ukichomwa hutoa vikombe na sahani za thamani. Kifaransa nacho kina tabia hiyo hiyo: porcelaine ni sahani, na porcelaine ni konokono wa baharini. Neno hilo limetoka katika Kiitaliano, na huko lilikuwa jina la kombe kabla ya kuwa jina la chombo.

Watu walioziunganisha maana hizo mbili hawakuwa na hadubini. Waliuona mng'ao na weupe, wakaridhika. Hata hivyo waliukaribia ukweli ambao wahandisi wa karne ya 20 waliufikia kwa njia ndefu, yaani kwamba kombe ni kauri kweli: ni kitu kikavu cha asili ya madini, kigumu, kisichopindika. Tofauti iko katika jambo moja tu, nalo ndilo linaloshughulikiwa na makala haya. Sahani ya kauri ikianguka sakafuni huvunjika vipande vipande. Kombe hupigwa na mawimbi juu ya miamba, huumwa na samaki, hubanwa na magando ya kaa, na mara nyingi hubaki zima.

Swali hilo si la wanabiolojia na wahandisi peke yao. Mwanafunzi wa Kalemie, Moba au Uvira huokota makombe ufukoni tangu utotoni, na huyataja kwa Kiswahili. Lakini akitaka kujua kwa nini hayavunjiki, hana budi kungoja hadi sekondari au chuo kikuu, aelezwe kwa Kifaransa. Ipo hoja, ambayo husikika hata katika vyumba vya walimu wa lugha, kwamba Kiswahili hakina maneno ya kulieleza jambo kama hilo. Hoja hiyo yafaa ipimwe kwa kazi, wala si kwa mabishano.

Istilahi: kombe, ugumu, nguvu, ushupavu

Kiswahili kina majina mengi ya nyumba za wanyama wa majini: kombe, gamba, simbi, kauri, kete. Gamba hutumika pia kwa samaki, nyoka na hata magome ya miti. Simbi, kauri na kete huelekea kwenye makombe madogo ya aina maalumu. Kwa hiyo hapa neno kombe limechaguliwa liwe jina la jumla la nyumba ya moluska, yaani wanyama wa jamii ya chaza, kome na konokono.

Shida kubwa zaidi iko katika sifa kuliko katika majina. Katika mazungumzo ya kila siku neno -gumu hubebeshwa mzigo mzito mno: jiwe gumu, mtihani mgumu, mkate mgumu, na hata mtu mgumu, yaani bahili. Anayesoma elimu ya vitu hana budi kutenganisha mambo matatu. Ugumu ni uwezo wa kitu kukataa kukwaruzwa au kutobolewa. Nguvu ni kiasi cha mzigo ambacho kitu huhimili kabla ya kukatika. Ushupavu ni kiasi cha kazi ambayo adui hulazimika kuifanya ili ufa upenye kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kioo ni kigumu sana, lakini si kishupavu: ufa ukishaanza, hakuna cha kuuzuia. Ngozi ya ng'ombe ni shupavu, lakini si ngumu. Ajabu ya kombe ni kwamba linaunganisha ugumu na ushupavu, sifa mbili ambazo kwa kawaida hukimbiana.

Mali ghafi: chokaa na gundi kidogo

Ukilichambua kombe kikemia utakuta kwamba kati ya asilimia 95 na 99 za uzito wake ni kabonati ya kalsiamu, yaani maada ile ile ya mawe ya chokaa. Kiasi kidogo kinachobaki ni protini na sukari ngumu ambazo mnyama mwenyewe huzitoa mwilini. Kabonati hiyo hujipanga katika fuwele za aina mbili hasa, kalsiti na aragoniti, na spishi nyingi hutumia zote mbili katika matabaka tofauti ya kombe moja.

Maada hiyo peke yake haina sifa ya kujivunia. Fuwele ya aragoniti iliyo safi hupasuka kwa urahisi sana. Siri, basi, haimo katika kile ambacho konokono hujengea, bali katika namna anavyojenga. Nayo si namna moja: wataalamu wameainisha miundo kadhaa, na O. B. Bøggild wa Denmark aliipa elimu hiyo msingi wake katika kazi kubwa aliyoitoa mwaka 1930. Miwili kati ya miundo hiyo yatosha kwa maelezo haya.

Lulumizi: ukuta wa vigae

Wa kwanza ni lulumizi, yaani ule uso wa ndani wa kombe la chaza unaong'aa rangi rangi, ambao mafundi wa nchi nyingi huukata wakatengeneza vifungo vya nguo na nakshi za masanduku. Chini ya hadubini ya elektroni lulumizi huonekana kama ukuta uliojengwa kwa vigae bapa vya aragoniti. Kila kigae kina unene wa nusu mikromita hivi, na upana wa mikromita 5 hadi 8. (Mikromita ni sehemu ya elfu moja ya milimita.) Kati ya safu na safu kuna utando wa protini wenye unene wa nanomita 20 hadi 30 tu, yaani mwembamba kuliko kigae kwa mara 20 hivi. Unene wa vigae hukaribia urefu wa mawimbi ya nuru, na ndiyo maana mng'ao wake hubadilika kila anapogeuka mtazamaji.

J. D. Currey, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha York nchini Uingereza, alitoa mwaka 1977 makala iliyochunguza tabia ya lulumizi inapovutwa. Mwaka 1988 A. P. Jackson, J. F. V. Vincent na R. M. Turner walikwenda mbali zaidi, na matokeo yao hadi leo hunukuliwa popote jambo hili linapozungumzwa: kazi inayohitajika ili kuivunja lulumizi ni takriban mara 3000 ya ile inayohitajika kuivunja kabonati tupu ya kalsiamu. Chokaa na gundi ya asilimia 5 vimezaa kitu chenye ushupavu mara elfu tatu ya chokaa! Tarakimu hiyo ndiyo iliyowafanya wahandisi wa vyuo vikuu vingi waanze kununua makombe.

Kinachotokea ni hiki. Katika kitu cha namna moja, kama kioo, ufa hupita moja kwa moja. Katika lulumizi ufa hukutana na utando kila baada ya nusu mikromita. Hugeuzwa njia, hulazimika kuzunguka kigae, hupanda, hushuka, na kila kona huutoza sehemu ya nguvu zake. Zaidi ya hayo, vigae vyenyewe huanza kuteleza kidogo kimoja juu ya kingine. Nyuso zake si laini kabisa: zina vinundu vidogo na vidaraja vya madini vinavyokwamisha mtelezo, hivyo vigae husogea kwa shida bila ya kuachana. Utando nao haukatiki mara moja. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara walionyesha kwamba, ukivutwa, utando huo hurefuka kwa hatua, kama uzi wenye mafundo mengi ambayo hufunguka moja baada ya jingine, na kila fundo hula nguvu kabla ya kuachia.

Hapa faida ya kutenganisha istilahi huonekana wazi. Jackson na wenzake walipima lulumizi kavu na lulumizi yenye unyevu. Ile kavu ilihimili mvuto wa megapaskali 170 hivi, ile yenye unyevu 130 hivi. Je, kukauka kumeiimarisha? Kwa upande wa nguvu, ndiyo. Kwa upande wa ushupavu, la: maji hulainisha utando, huwezesha vigae kuteleza, na kazi ya kuivunja huongezeka. Mtu mwenye neno moja tu, -gumu, angeyaona matokeo hayo kuwa yanapingana. Ni vema ikumbukwe pia kwamba kombe la makumbusho, lililokaa kabatini miaka mingi, si shahidi mwaminifu wa kombe lililo majini juu ya mgongo wa mwenyewe.

Mpishano wa fito

Lulumizi ndiyo iliyopata sifa, labda kwa sababu ya uzuri wake, lakini si muundo unaotumika zaidi. Makombe mengi ya konokono, wakiwemo kauri wenyewe, yamejengwa kwa muundo wa pili, usiong'aa. Hapa unaitwa mpishano wa fito.

Msomaji anayejua nyumba ya udongo iliyojengwa kwa fito hatapata taabu kuuelewa. Zichukuliwe fito nyembamba sana za aragoniti, zilazwe sambamba, zibanwe pamoja hadi zifanye bamba moja. Kisha lijengwe bamba la pili kando yake, lakini fito zake zielekee upande wa pili, zikikatisha mwelekeo wa zile za kwanza. Bamba la tatu lirudie mwelekeo wa kwanza, na kadhalika, mamia kwa mamia. Mabamba hayo yote pamoja hufanya tabaka moja la kombe. Kombe huweza kuwa na matabaka mawili, matatu au zaidi, na kila tabaka limegeuzwa takriban pembe mraba kulihusu jirani yake. Mpangilio huo wa kugeuza na kugeuza tena ndio ule ule wa mbao za tabaka, ambazo wafanyabiashara wa mbao nchini Kongo huziita tripleksi: nyuzi za ubao mmoja hufuata urefu, za pili hufuata upana, na kile kinachopasuka kirahisi upande mmoja huzuiliwa na mwenzake.

Mwaka 2000 S. Kamat, X. Su, R. Ballarini na A. H. Heuer walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa kombe la Strombus gigas, konokono mkubwa wa bahari ya Karibi. Kombe hilo lina madini asilimia 99 hivi, yaani gundi yake ni haba kuliko hata ya lulumizi. Waligundua kwamba hujihami kwa awamu mbili. Mzigo ukiwa mdogo, matabaka ya nje hufanya nyufa nyingi fupi, sambamba, ambazo hukoma zinapofika kwenye tabaka la kati. Kombe halijavunjika, limekubali kuumia mahali pengi kidogo kidogo badala ya mahali pamoja kabisa. Mzigo ukizidi, ufa huingia tabaka la kati, na hapo mabamba yenye fito zilizoelekea upande mwingine hubaki mazima, yakiushika ufa pande zote mbili kama daraja, ili kingo zake zisiachane. Watafiti hao waliliita kombe hilo mbao za tabaka zilizotengenezwa kwa kauri. Hivyo tamathali ya kale ya wasemaji wa Kiswahili na Kiitaliano ilirudi kwa mlango wa maabara.

Yapo mambo ya gharama pia. Mnyama hulipa zaidi kwa protini kuliko kwa chokaa, A. R. Palmer alilieleza hilo mwaka 1983 kwa kuwalinganisha konokono wa baharini. Kwa hiyo mpishano wa fito, usiohitaji gundi nyingi, ni ujenzi wa bei nafuu. Lulumizi huishinda miundo mingine katika kuvutwa, lakini bei yake ni kubwa.

Afrika ya Kati imeuonja uimara huo kwa namna yake. Nzimbu, fedha ya ufalme wa Kongo, zilikuwa makombe madogo yaliyookotwa kwenye kisiwa cha Luanda. Na katika Kiganda neno ensimbi, jina la kauri, ndilo linaloitwa fedha hadi leo. Fedha ambayo hupita mikononi mwa maelfu ya watu, ikamwagwa, ikahesabiwa, ikafungwa tena, yahitaji kitu kisichobanduka kingo. Makaburi ya Sanga, katika bonde la Upemba, yalitoa kauri zilizolala ardhini karne kadhaa, mbali sana na bahari iliyozizaa.

Ziwa lenye makombe ya bahari

Hata hivyo, mfano ulio bora kuliko yote kwa msomaji wa Kongo hautoki baharini. John Hanning Speke alipofika ziwa Tanganyika mwaka 1858 aliokota makombe, na mwaka uliofuata S. P. Woodward wa London aliyaeleza kitaalamu. Yalikuwa mazito, yenye mbavu, vinundu na miiba, tofauti kabisa na makombe membamba, karibu ya karatasi, ambayo wataalamu wa Ulaya waliyazoea katika maji matamu. Yalifanana na ya bahari. J. E. S. Moore, katika kitabu chake The Tanganyika Problem cha mwaka 1903, alidai kwamba ziwa hilo ni mabaki ya bahari ya enzi ya Jura, na konokono wake ni masalia yaliyonaswa humo.

Dai hilo lilivutia, lakini halikusimama. Ziwa limelala katika Bonde la Ufa, na umri wake hukadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12, ilhali enzi ya Jura ilikwisha miaka milioni 145 hivi iliyopita. Konokono wa Tanganyika hawakuletwa na bahari. Waliupata umbo la kibahari humo humo, katika maji matamu, kutokana na mababu wa maji matamu. Kwa sababu gani?

Jibu la haraka ni la kikemia. Maji ya Tanganyika yana magadi na kabonati kwa wingi, hivyo mali ghafi ya ujenzi haikosekani. Ni kweli, lakini haitoshi. Katika maji hayo hayo wamo konokono wenye makombe membamba, kama Tiphobia horei, aishiye juu ya tope, ambaye badala ya ukuta mnene amejiotesha miiba mirefu. Kama kemia ingekuwa ndiyo amri pekee, wote wangekuwa wanene.

Mwaka 1991 Kelly West, Andrew Cohen na Michael Baron walielekeza macho kwa adui. Ziwani humo yupo kaa Platythelphusa armata, asiyepatikana penginepo, mwenye gando kubwa lenye meno butu kama magego, chombo kinachofaa kupondea. Wapo pia samaki wa jamii ya siklidi ambao huponda konokono kwa mataya ya kooni. Watafiti hao waliyapima makombe kwa kuyabana hadi yavunjike, wakakuta kwamba ya konokono wengi wa Tanganyika huhimili mzigo mkubwa kuliko ya jamaa zao wa maziwa na mito mingine. Walihesabu pia makovu. Konokono aliyeumwa mdomo wa kombe, naye akaponyoka, huujenga upya. Mshono hubaki pale daima, nao husomeka kama kumbukumbu ya shambulio lililoshindwa. Makovu mengi maana yake ni maadui wengi, na vilevile makombe mengi yaliyofaulu.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1996, West na Cohen waliingia ndani ya ukuta wenyewe. Muundo waliouona ni mpishano wa fito. Kilichotofautiana baina ya konokono na konokono ni idadi ya matabaka: baadhi yao wameongeza tabaka juu ya tabaka, kila moja likigeuzwa kulihusu lililotangulia, na kuongezeka huko huandamana na kuongezeka kwa nguvu za kombe. Hawakubuni maada mpya, wala hawakutegemea unene peke yake. Ni kama fundi ambaye, akitakiwa kuimarisha meza, haleti ubao mnene zaidi bali anaongeza karatasi nyingine za tripleksi.

Ushupavu huo huendelea kufanya kazi baada ya mwenye nyumba kufa. Makombe ya Neothauma tanganyicense, konokono mkubwa wa ziwa hilo, yamejikusanya mahali pengi yakawa kama zulia chini ya maji, na samaki wadogo wa jamii ya siklidi huyafanya nyumba: huingia humo wakikimbia hatari, hutaga humo, hulea humo. Maji yaliyojaa kabonati hayayali makombe upesi, kwa hiyo nyumba moja hupangishwa, kwa lugha ya mjini, kwa vizazi vingi vya wapangaji wasiolipa.

Tishio la miongo ya karibuni si la gando. Milima iliyo juu ya pwani za kaskazini, upande wa Uvira na upande wa Burundi, imekatwa miti kwa ajili ya kulima na kuni, na mvua huteremsha udongo hadi ziwani. Mwaka 1993 Cohen na wenzake walionyesha kwamba mahali ambapo mashapo yanaingia kwa wingi, spishi za wanyama huwa chache. Konokono wengi wa miambani hula mwani uliotanda juu ya mawe. Mawe yakifunikwa na tope, chakula kimekwisha, na makombe yenye matabaka mengi hubaki mazima, yakiwa matupu.